Dakika za Kukaa

Utafiti wangu ulipata alama themanini na nane kwa mia, za juu kuliko zote darasani, na utafiti huohuo ndio uliomnyima Mwalimu Mkuu chakula. Kwa muda mrefu mambo haya mawili niliyaweka mbalimbali kichwani, kama vile hayajuani.

Nilikuwa karani wa kumbukumbu kwenye nyumba ya kutunzia wazee na wagonjwa wa muda mrefu. Jioni nilisoma shahada ya uzamili ya uongozi na usimamizi wa huduma za afya na ustawi wa jamii. Jina refu kuliko foleni ya dawa. Mama yangu, aliyekuwa akibaki na mwanangu wa mwaka mmoja na nusu, alilifupisha: "Nenda kwenye uongozi wako, usichelewe." Shahada ya kwanza niliipata vivyo hivyo, jioni kwa jioni, miaka sita. Kazini waliniita Profesa, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kunisimanga.

Muhula wa tatu tuliambiwa kila mtu akapime kazi inavyofanyika mahali pake. Mhadhiri alitugawia fomu. Kila dakika ikipita unaandika herufi moja: H mhudumu akiwa anamhudumia mgonjwa, M akiwa kwenye mwendo, K akiwa amekaa. Maelekezo yalisema mpimaji asimame mlangoni, asije akawavuruga watu. Basi nikasimama mlangoni mwa wodi ya wanawake siku kumi mfululizo, saa ya chakula cha mchana, simu mkononi ikihesabu.

Mhudumu wa zamani kuliko wote pale aliitwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote, ila jina lilishamkalia. Siku ya kwanza aliniita bila hata kugeuka.

"Profesa! Umekuja kutupima au umeleta posa?"

"Kupima tu, Shangazi. Fanyeni kazi kama vile sipo."

"Hilo rahisi. Ukishasimama hapo mlangoni ndiyo tayari haupo."

Wenzake wakaangua kicheko. Nikacheka nao, nikaandika K, maana wakati ule Shangazi alikuwa ameshakaa.

Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha Mwalimu Mkuu. Huyu bibi aliongoza shule ya msingi miaka zaidi ya ishirini, mpaka kiharusi kilipompokonya upande wa kulia na maneno yote. Jicho lake lilibaki lilelile. Hata daktari akipita pale alijikuta anachomekea shati. Mchana Shangazi alimwinua, akampangia mito mgongoni, akakaa na bakuli la viazi vilivyopondwa vikalegezwa kwa supu. Mimi niliuona mgongo wa Shangazi tu. Mkono ukienda na kijiko niliandika H. Mkono ukitulia, K. K. K. Mlo mmoja ulichukua dakika arobaini: H tisa, K thelathini na moja.

Kwenye ripoti niliandika sentensi ambayo niliisoma kwa sauti mara mbili kwa jinsi ilivyonipendeza: "Asilimia sitini na mbili ya muda wa wahudumu saa ya chakula hutumika katika kukaa." Nikachora na mchoro wa rangi tatu. Mhadhiri akaandika pembeni, "Safi sana. Uongozi wako uione hii."

Nikampelekea Mkurugenzi. Siku hiyo nilivaa gauni langu zuri, sifichi.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye wagonjwa wengi na watu wachache, na kila wiki mtu mwingine anaacha kazi. Alisoma kurasa zote akiwa amesimama.

"Dada, hii ndiyo lugha ninayoielewa," alisema. "Mimi nalia sina watu, kumbe watu ninao, wamekaa!"

Baada ya wiki mbili tangazo likabandikwa ubaoni. Wahudumu wa mchana watatoka sita wawe wanne. Kila mgonjwa atalishwa kwa dakika zisizozidi kumi na tano. Chini kabisa palikuwa na maneno "kwa mujibu wa utafiti wa ndani". Nami nikaahidiwa kuongoza ofisi mpya ya ubora nikishahitimu. Nilipofika nyumbani na habari hiyo Mama alimrusha mwanangu juu, akamdaka, akamrusha tena, tukacheka wote watatu.

Shangazi hakunigombeza. Aliacha tu kuniita Profesa, akaanza kuniita Mheshimiwa.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuingiza uzito wa wagonjwa kwenye daftari kila baada ya wiki mbili. Mwalimu Mkuu alikuwa na kilo arobaini na saba. Mara ya pili, arobaini na tano. Mara ya tatu, arobaini na mbili. Nikaona mizani ni mbovu. Nikamwita fundi, akaijaribu kwa mawe yake, akaniambia mizani haina neno.

Mchana huo, siku ya Ijumaa, nikaingia wodini. Safari hii sikusimama mlangoni.

Kigoda hakikuwepo. Mhudumu mpya, mama wa makamo, alikuwa amesimama na kijiko kikubwa, macho kwenye saa ya ukutani. Kijiko, kijiko, kijiko. Mwalimu Mkuu alikohoa, viazi vikamtoka puani, machozi yakamlengalenga. Mhudumu akampangusa, akamtia kingine. Dakika kumi na tano zilipotimia akaondoa bakuli likiwa zaidi ya nusu, akaandika kwenye fomu ya kitandani: "Amekataa."

"Mbona hajakataa, mama?"

"Dada, muda wake umekwisha, na nina watano wengine." Alinitazama kitambulisho, kisha usoni. "Kwani si wewe ndiye..." Hakumalizia. Akasukuma toroli lake.

"Shangazi yuko wapi?"

"Kwenye kufulia. Alizidisha dakika mara tatu."

Nilishuka chumba cha kufulia. Mvuke ulikuwa umetanda, Shangazi anakunja mashuka peke yake, ncha moja kaibana kwa kidevu.

"Shangazi, nifundishe kumlisha Mwalimu Mkuu."

"Makubwa! Mheshimiwa anafundishwa na dobi?"

"Amepungua kilo tano."

"Najua."

"Umejuaje? Daftari ninalo mimi."

"Mashuka yake nayafua mimi," alisema. "Mtu asiyekula hachafui shuka."

Nikashika ncha ya pili ya lile shuka, tukalikunja, tukakunja na jingine. Kisha akapangusa mikono, akatangulia ngazi. Ilikuwa saa yake ya kupumzika na yeye mwenyewe hajala.

Jikoni walitupatia bakuli jingine. Shangazi akatafuta kigoda akanikalisha mimi.

"Weka vidole viwili hapa kooni. Usibane, gusa tu. Haya, mpe kijiko kidogo, nusu yake."

Nikampa. Nikangoja. Hakuna kitu. Mwalimu Mkuu alinikazia macho kana kwamba mimi ni mtoto aliyechelewa paredi. Nikawa namhisi anajitahidi, kitu kinapanda na kurudi chini ya vidole vyangu, kinapanda na kurudi, mpaka kikapita. Nikachota kingine. Shangazi akanipiga kofi mkononi.

"Una haraka ya kwenda wapi? Hapo amemeza kupitisha chakula. Ngoja ameze tena kusafisha koo."

Akameza mara ya pili, kidogo. Halafu kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa Mwalimu Mkuu kikagonga blanketi mara moja.

"Sasa ndiyo amekupa ruhusa," Shangazi alisema.

Nilikuwa nimehesabu bila kukusudia, mazoea mabaya. Karibu dakika nne, kwa nusu kijiko. Na kwa dakika zote nne vidole vyangu vilikuwa kazini, macho kazini. Hizo ndizo nilizoziandika K. Mwanangu naye huficha chakula shavuni, nami humwimbia na kumsubiri mpaka ameze, na haijawahi kunijia kwamba nimekaa tu.

"Ukimharakisha," Shangazi aliendelea, "chakula kinaingia njia ya hewa. Kinaozea kwenye pafu. Ndiyo ile homa ya juzi."

"Alikuwa na homa?"

"Hukuipima hiyo?"

Nikaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Nilimweleza vidole, kidole, mlango, mgongo, vyote kwa mkupuo mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Utafiti huu umepitishwa na chuo," alisema.

"Chuo hakikuwepo wodini, mzee."

"Wewe ulikuwepo. Siku kumi. Leo umekaa na mgonjwa mmoja mara moja, unataka nitupe takwimu za siku kumi? Wakaguzi wakija niwaambie nini, kwamba karani wangu ameingiwa na huruma?" Akashusha sauti. "Lete barua ya chuo inayosema utafiti una kasoro. Naliondoa tangazo siku hiyohiyo. Neno langu."

Jioni ile nilimngoja mhadhiri darasa lilipotoka. Aliisoma fomu yangu tena, akavua miwani.

"Hili tunaliweka kwenye mapungufu ya utafiti. Aya moja, mwishoni. Kila utafiti una mapungufu, binti yangu. Utautetea wiki ijayo na utahitimu na wenzako."

"Aya moja haitampa barua Mkurugenzi, Dokta."

"Barua ni mpaka uuondoe utafiti. Ukiuondoa, unarudia mwaka. Na hiyo ofisi yako sijui kama itakungoja. Umefikiria?"

"Anakufa njaa, Dokta, na kwenye fomu wanaandika amekataa."

Akanisukumia karatasi ya kuuondoa utafiti. Nilitia saini nikiwa nimeiinamia meza. "Kamati inakutana Alhamisi," alisema. "Kabla ya hapo hata mimi sina uwezo."

Mama aliposikia alikaa chini. "Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Akatazama ukuta. Miaka yote ile alikuwa amemsimulia kila jirani kuhusu joho nitakalovaa. "Huyo bibi ana watoto?"

"Anao. Wanakuja mara moja kwa mwezi."

"Basi nenda kamlishe."

Tulimlisha kwa zamu, mimi na Shangazi, katika saa zetu za kupumzika. Mlo mmoja kwa siku ndio tulioweza kuuiba, miwili iliyobaki ilibaki ya dakika kumi na tano. Jumamosi na Jumapili nilikwenda na mwanangu mgongoni. Alijipaka viazi mpaka kwenye nyusi, Mwalimu Mkuu akamtazama kwa kumkaripia, na pembe moja ya mdomo wake ikainuka. Nilidhani tumeshapona. Jumatatu homa ikarudi. Jumanne kidole kiligonga mara sita tu mlo mzima. Jumatano, mara mbili.

Barua ilitoka Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi niliiweka juu ya meza ya Mkurugenzi, naye akatimiza neno lake. Alikwenda mwenyewe ubaoni akalichana tangazo, akamwita Shangazi kutoka kufulia mbele ya watu.

"Ungelisema mapema," aliniambia tukirudi koridoni. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesikitikia mvua.

Mchana Shangazi alikaa kwenye kigoda, mimi upande wa pili. Bakuli la moto. Mwalimu Mkuu alikuwa macho, ametuona. Kijiko kilipomgusa mdomo, midomo ikafumba. Shangazi akangoja.

"Mwalimu wangu, ni mimi. Leo hakuna saa."

Akangoja tena. Chakula kikapoa, tukaenda kukipasha, tukarudi. Kidole kilikuwa juu ya blanketi, hakikuinuka. Muda wa chakula ulikwisha, muda wa kulala ukaanza, Shangazi bado ameshika kijiko. Mwishowe Mwalimu Mkuu aligeuza uso akatazama ukuta. Safari hii alikuwa amekataa kweli. Kila kijiko alichopewa wiki zile kilikuwa kimemkaba, na alikuwa ameshajifunza.

Daktari alimsikiliza kifua, akasema pafu la kulia limejaa.

Alifariki Jumapili asubuhi, nikiwa nyumbani namvalisha mwanangu viatu ili twende. Jumatatu nililifungua daftari nikaingiza uzito wa mwisho, kilo thelathini na tisa, na sababu ya kifo, nimonia. Safu ya sababu ni nyembamba, neno moja linaijaza.

Nikapanda wodini. Shangazi alikuwa anakipangusa kile kitanda kwa dawa, chuma kwa chuma.

"Shangazi, nisamehe."

Hakuacha kupangusa. "Mimi ndiye niliyekuwa na njaa?"

Nilisimama pale sijui niende wapi. Nilitaka anigombeze, aniite jina lolote, hata Mheshimiwa. Toroli la chakula likaingia. Tangazo lilikuwa limeondoka lakini wale wahudumu wawili walikuwa hawajarudishwa, wanne walikuwa wanakimbizana na vitanda ishirini.

"Wapo saba wengine wasiomeza haraka," Shangazi alisema, bado amenipa mgongo. "Chukua bakuli la yule wa kitanda cha tano. Jiangalie. Ana meno mawili na hasira za watu kumi."

Nikavuta kigoda. Bibi wa kitanda cha tano alinitazama vidole vyangu vilipomgusa koo.

"Wee, unataka kuninyonga?"

"Hapana, bibi. Nakusikiliza ukimeza."

"Haya makubwa. Siku hizi mnasikiliza."

Alikula bakuli zima. Nilitakiwa kwenye kikao cha kumbukumbu, kikapita. Alipomaliza nilimpangusa mdomo, akaniangalia kwa muda kama anayefikiria kunishukuru.

"Supu haina chumvi," alisema.

Nikashuka jikoni kumwambia mpishi.