Mayai ya Abiria

Nilikuwa nikiuza mayai ya kuchemsha pale Somanga, na mwanangu mwenyewe alikatazwa kuyala. Nikikumbuka hilo mpaka leo damu inanichemka.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu. Mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameongezeka, na kila lililosimama tulilikimbilia na ndoo zetu, tukanyoosha mayai na samaki wa kukaanga mpaka madirishani. Fortunata, binti yangu wa miaka tisa, alinifuata na kikopo cha chumvi. Mara nyingi chumvi ilimwagika njiani, au kikopo kilisahauliwa chini ya basi. Hakai, hangoji zamu yake, ukimtuma maji anarudi na ua.

Mama mkwe wangu, Anjelina, alikuwa na jibu lake. "Mtoto akila yai anakuwa mwizi," alisema. "Na huyu asivyotulia, hata samaki msimpe, wanamtia joto." Nami, mjinga wa kutupwa, nikatii. Mtoto akawa anakula ugali wa muhogo na mchuzi wa nyanya, asubuhi chai kavu, basi.

Kisha Mwalimu Jerome akaniita shuleni. "Tumemchapa mpaka tumechoka, hatulii," alisema. "Jumamosi nitakuja nyumbani. Kama hamna dawa, mtafutieni kazi nyingine."

Nilimkimbiza zahanati. Nesi Natalia alimvuta kope ya chini, akatazama kwa muda.

"Huyu hana damu. Anakula nini?"

Nilimwambia, na habari ya kutotulia kwake pia.

"Kutotulia huenda amezaliwa nako, wapo watoto wa namna hiyo na si utundu. Yai halitamponya, wala si lililomharibu. Lakini njaa inamzidishia. Mpe mayai, samaki, maharage." Akaitazama ndoo yangu. "Si unayo hapo?"

Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Nilipofika barabarani aibu ilikuwa imegeuka hasira, na hasira hiyo sikuiuza kwa abiria yeyote.

Jumamosi mchana mwalimu alifika. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa kigoda. Mama mkwe alikaa mkekani. Mume wangu, Dionis, alisimama uani na nyundo, akitengeneza mlango wa banda la kuku alioanza mwezi wa pili. Sasa ulikuwa wa tano. Kazi ya mbao aliiacha, ya barabara aliiacha, na hata kula alikula akitembea.

"Tumekubaliana apelekwe kwa mganga," mama mkwe alianza. "Shule itangoja."

"Mimi sikukubali!" nilisema. Nikavuta ndoo, nikatoa yai, nikaligonga kwenye ukingo wake, nikalimenya. "Fortunata, njoo."

"Romana! Utamharibu mtoto!"

"Mama, nakuheshimu, lakini leo niache. Wageni wa Dar wanakula mayai yangu kila siku, mbona hawashuki kuiba? Mwanangu anabeba chumvi tu, anakauka huku ninamwona! Nawe mwalimu, fimbo zote hizo, ulishamuuliza hata siku moja kama amekula?"

Mwalimu akaangalia viatu vyake. Fortunata alilimeza yai karibu zima, mguu mmoja ukichezacheza. Mama mkwe alinyoosha mkono amzuie.

Nyundo ikanyamaza.

"Mama," alisema Dionis, "mimi hukunipa yai hata moja. Nilitulia?"

Mkono wa mama mkwe ukabaki hewani. Alimtazama mwanawe, akautazama mlango wa banda, kisha ule mguu wa Fortunata.

"Nilikuwa nakuchapa," alisema polepole. "Kila siku nilikuchapa."

Nami sikumwonea huruma, sitadanganya. Siku ile hasira ilikuwa imenijaa mpaka kooni.

"Jumatatu aje," mwalimu alisema hatimaye. "Nitamkalisha mbele, karibu yangu."

"Na fimbo uiache nyumbani," nikamwambia.

Nikammenyea Fortunata yai la pili. La tatu nikampa Dionis. Alilila akiwa amesimama.