Habari za Mguu wa Salehe

Nilikuwa mwali ndani, mwezi wangu wa tano, na sauti yangu ilikuwa haijavuka ukuta tangu siku niliyoingizwa. Ndivyo alivyotaka somo wangu, Bi Biasha, aliyepewa kazi ya kunifunda: mwali hapazi sauti, hatoki mchana, na hakuna mwanamume anayeruhusiwa kumtazama, hata baba yake mzazi. Mwalimu wa shule alikwisha kuja kumwambia baba kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Baba alimkaribisha uji, akamsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza hadi barabarani. Mimi nikabaki gizani kwangu.

Mtu ukikaa gizani hivyo, kazi yote inafanywa na masikio. Nilijua kikohozi cha kila jirani. Nilijua baiskeli ya nani inapita. Kaka yangu Salehe, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mabanda ya kuku Kibaha, akija kututazama nilimtambua tangu mbali kwa katambuga zake za tairi: chapwa, chapwa, upesi upesi, kama anafukuzwa.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamishiwa kijijini, Mzenga. Kule mashambani tulikotoka, mgeni asingefika kwetu kabla ya kuulizwa na watu wa nyumba nne alikotoka na anakokwenda. Hapa nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara, majirani hatujuani vizuri, na mpita njia yeyote anaona mlango wako. Sikuupenda mpango ule na sikuulizwa.

Asubuhi hiyo baba alikuwa barazani akichonga mpini wa jembe, mama yuko uani. Nikasikia sauti ngeni ikipiga hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Sikai, mzee. Nimeleta habari, na si nzuri. Ni ya kijana wako, yule aliyeko mbali."

Kisu cha baba kilinyamaza. "Salehe?"

"Huyo huyo, Salehe."

"Wa Kibaha?"

"Natoka Kibaha sasa hivi, mzee wangu. Tangu jana sijalala."

Mama alikuja mbio kutoka uani, nikasikia sufuria ikianguka. "Kapatwa na nini mwanangu? Si yuko na kuku wake tu!"

"Huko huko kwenye kuku, mama. Lori la chakula cha kuku limerudi nyuma, likambana mguu ukutani. Umesagika."

Niliuma kanga nisipige kelele. Salehe ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, ndiye aliyeniletea sabuni ya kunukia niliyokuwa nikiogea humo ndani, na sasa mguu wake umesagika kama mtama kinuni.

Mgeni alisema anaitwa Kondo, mtu wa Kibuta, si mtu wa mbali. "Bibi zetu wamecheza ngoma moja, mzee." Akaeleza kwamba dawa ya kuuokoa mguu haipo hospitalini, inauzwa mjini. Isipopatikana leo, kesho mguu unakatwa. Lori lililomleta linageuza hapo mbele na halitangoja.

"Nitakwenda nawe," baba alisema.

"Nafasi ni moja, mzee. Mimi mwenyewe nimemwomba dereva kwa kumpigia magoti."

"Basi ngoja nimwite balozi wetu wa nyumba kumi, Zahoro. Kila mgeni lazima amjue."

"Mwite, ni haki yako. Lakini lori likiondoka, mguu ni wa mwanao, si wangu."

Mama alianza kulia kwa sauti. Baba hakumwita balozi. Nilimsikia akisema, kwa unyonge ambao sikuwahi kumsikia nao, kwamba fedha hana, korosho zetu bado hazijalipwa.

"Hata kitu, mzee. Kitu chenye thamani kinapokewa."

Hapo nikajua baba na mama wanafikiria nini. Katika nyumba yetu kulikuwa na kitu kimoja tu chenye thamani: bangili mbili za fedha alizoziacha bibi. Zilikuwa ndani ya sanduku, chini ya kitanda changu, zikingoja siku nitakayotolewa nje kwa ngoma. Kila siku nilizigusa. Lakini kwa mguu wa Salehe ningezitoa mwenyewe, na nikaanza kulivuta sanduku.

Nikiwa nimeinama hivyo, masikio yangu yakanishtaki. Lori? Mimi ninayesikia hata kuku akijikuna, sikusikia lori lolote asubuhi hiyo. Nikayarudia maneno yao kichwani, moja moja. Nani alilitaja jina la Salehe? Baba. Nani alisema Kibaha? Baba. Nani kasema kuku? Mama yangu mwenyewe, na sufuria yake. Yule mtu alikuwa akiokota tu tunachoangusha, kisha anaturudishia.

Mama akaingia, uso umelowa.

"Mama," nilimnong'oneza, "huyu mtu hamjui Salehe. Kila kitu kaambiwa na nyinyi."

"Lete sanduku, Mboni."

"Mama, na lori sikulisikia."

"Kaka yako anakatwa mguu, wewe unanihesabia malori!" Aliniziba mdomo kwa kiganja, akatwaa bangili, akatoka.

Je, kama ni kweli? Kama lori lilisimama mbali, na mtu yule ni mwema, na mimi kwa ujanja wangu nikaizuia dawa? Salehe angeniangalia kutoka juu ya mkongojo maisha yake yote. Na nikitoka, miezi yote mitano imemwagika, na Bi Biasha hatanisamehe. Kisha nikamsikia yule mtu akisema, "Hizi zitatosha, mama," na katika sauti yake nikasikia furaha. Si furaha ya mtu aliyepata dawa ya mgonjwa.

Nikafungua mlango nikatoka.

Jua lilinipiga machoni. Baba alipoona ni mimi aligeukia ukuta papo hapo, akajifunika uso kwa kofia yake. Jirani aliyekuwa akipita na baiskeli aliinamisha kichwa akashika njia nyingine. Yule mgeni alinitazama. Alinitazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, taratibu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Bangili moja alikuwa nayo mkononi, ya pili bado anayo mama.

"We bwana!" mama alimfokea. "Unamtazama mwali?"

"Mwali gani?" akauliza.

Baba, uso wake ukutani, akasema polepole: "Mtu wa Kibuta, na hajui mwali."

Nami nikapaza sauti, nikaisikia inakwaruza kama si yangu. "Baba, jina la Salehe umempa wewe. Kibaha umempa wewe. Kuku kapewa na mama. Yeye kaleta mguu tu!"

Mtu yule akakimbia.

"Ingia ndani, Mboni!" baba alipiga kelele. Hakuweza kugeuka mpaka nifunge mlango, na nilipoufunga, mwizi amekwisha kupotelea kwenye mikorosho na bangili moja ya bibi. Barabarani hapakuwa na lori wala alama ya matairi.

Hakuna aliyefurahi. Baba aliondoka siku ile ile kwenda Kibaha kuhakikisha kwa macho yake. Bi Biasha alikuja akanikaripia mpaka sauti ikamkauka, kwamba nimejitoa mwenyewe kama kuku. Mama alikaa mlangoni pangu, hali chakula.

"Mwongo, sawa," alisema. "Lakini huo mguu kautoa wapi? Mbona hakusema mkono? Mbona hakusema homa?"

Hofu yake ikaniingia na mimi. Usingizi haukuja. Kesho yake mchana nilianza kusikia mikongojo katika kila kitu, hata kwenye mchi wa jirani.

Ilikuwa karibu na alasiri. Bi Biasha alikuwa ameketi nami, ananisuka kwa hasira, na mama yuko pale pale mlangoni, shavu kalishika. Mbali, chini kabisa ya barabara, nikasikia. Nilimshika Bi Biasha mkono asiendelee, nikasikiliza tena ili nisimdanganye mama yangu.

Chapwa, chapwa. Upesi upesi.

"Mama," nilisema, kwa sauti kamili, na Bi Biasha hakunikataza. "Miguu yote miwili."