Simu ya Ijumaa Saa Kumi

Mafundi wa majokofu ni watu wa kelele, lakini Ijumaa ikigonga saa kumi jioni karakana ile yote ilikuwa ikinyamaza. Hakuna aliyetoa amri. Walikuwa wamemzoea mwenye mali, Mama Majokofu, jinsi anavyoinua mkonga wa simu ya ofisini, akageukia ukutani na kuzungumza peke yake dakika kumi nzima. Upande wa pili hakujibu mtu. Zilisikika pumzi tu.

"Wiki hii tumepata kazi ya bucha," angesema. "Mguu unaniuma, lakini natembea. Wewe umekula?"

Hakuuliza ni nani, maana alijua. Miaka sita nyuma, kifungua mimba wake alishukiwa kuuza kompresa, moyo wa jokofu, ya mteja. Mama, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alimfokea mbele ya mafundi: "Toka. Na nisisikie sauti yako tena mpaka nife." Kompresa ilionekana wiki ileile, imefunikwa turubai nyuma ya mlango. Kijana hakuonekana. Mwaka ulipopita ndipo simu zilipoanza, na Mama akaelewa, na kuelewa huko kukamchoma. Mwanawe alikuwa anatii. Anapiga, lakini sauti hatoi.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wa Mama huyu alikuwa akipiga simu kila wiki.

Sasa kanuni za gharama za simu zikabadilika. Jumatano akaja afisa wa kampuni ya simu, mwanamke mpole mwenye mkoba mzito kuliko yeye mwenyewe, akatandaza fomu mezani.

"Mna njia tatu, mama. Namba ya bure mliyo nayo: anayepiga halipi, mnalipa ninyi, na sasa mtalipa kila dakika, hata mtu akipiga akakaa kimya. Ya pili, mnagawana naye gharama. Ya tatu ni namba ya kawaida, anayepiga anajilipia."

"Ya kawaida," alidakia kitinda mimba, binti aliyeshika ofisi. "Wateja wetu wana hoteli na mabucha. Watashindwa na pesa ya simu?"

"Na asiye na kitu mfukoni?" Mama aliuliza.

"Ila ya bure ina faida moja mpya," afisa akaongeza. "Kwa kuwa mnalipa ninyi, kila mwezi mtaletewa orodha ya namba zote zilizowapigia. Zamani tulikuwa hatuitoi."

Mama aliivuta fomu ya kwanza karibu. Mwenye namba hutafutika, na anayetafutika huenda akapatikana. Binti yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anachokonoa kucha. Afisa aliaga, akasema anataka jibu Jumamosi.

Siku mbili mama na binti hawakupikika chungu kimoja. "Akijua namba yake inaonekana, atakimbia," binti alisema. "Tukichukua ya kawaida, atashindwa kupiga," mama alijibu. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na Mama aliogopa kote kuwili. Usiku alilala macho. Asubuhi ya Ijumaa aliamua kumwomba mwanawe mwenyewe.

Saa kumi simu ikaita. Nyundo zikatulia.

"Mwanangu," Mama alisema, "leo sina habari za kazi. Lile neno la nisisikie sauti yako, nilijua si kweli kabla sijalimaliza. Niliona aibu kurudi nyuma mbele ya mafundi, basi. Nalifuta. Sema hata 'mama' tu, nijue u mzima."

Pumzi zilikatika. Kisha kikaja kilio. Mama alikisikia sikioni, na papo hapo akakisikia tena, kikipenya mbao za ukuta wa stoo iliyopakana na ofisi.

Aliuweka mkonga mezani taratibu, akaenda kufungua mlango. Binti yake alikuwa amekaa juu ya kasha la vipuri, simu ya mkononi ingali sikioni.

"Ulikuwa huli, mama," alisema. "Mwaka mzima ulikuwa huli. Siku ya kwanza nilipiga nikuulize kama umemeza dawa. Kabla sijafungua kinywa ukaanza kumwita kaka. Jioni ile ukala ukashiba. Ningeachaje?"

"Yeye hajapiga hata mara moja?"

"Ijumaa zote zilikuwa zangu, mama. Nisamehe."

Mama aliegemea mlango. Hasira aliitafuta, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuipata. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Miaka mitano amebembeleza, ameomba radhi, ameeleza hadi maumivu ya mguu, na aliyepaswa kusikia hakusikia hata neno moja. Huko aliko, kama yuko, neno la mwisho la mama yake lilikuwa bado lile la mbele ya mafundi.

Alimfuta binti machozi kwa kiganja, akamwinua.

"Niletee zile fomu."

"Tuchague ipi?"

"Ya bure," Mama alisema. "Kaka yako bado hajui kwamba anaruhusiwa kupiga."