Leso ya Mama Mkwe Juu ya Pikipiki

Sheria ya msitu wa serikali juu ya Mutomo ilijulikana hata na wachunga mbuzi. Kwa miguu ingia, okota kuni zilizoanguka, nenda zako. Lakini gurudumu likiacha barabara kuu bila kibali, chombo kinakamatwa na mwenyewe anapelekwa kortini Kitui. Askari wa msitu, Ndolo, ndiye aliyewekwa kuilinda, na mwaka huo wa 1986 bwana misitu alikuwa amemchoka.

"Alama za matairi zimejaa kule ndani kama wewe haupo," alimwambia. "Nikiziona tena, vua hiyo kofia."

Mwenye matairi alijulikana. Ni Kiilu tu aliyekuwa na pikipiki ya kupanda milima. Shida ni kwamba kila Ndolo alipomvizia, nyuma ya Kiilu alikaa Syokau, mama mkwe wa Ndolo, amejifunika leso gubigubi, ile ya maua mekundu ambayo Ndolo mwenyewe alimpelekea wakati wa mahari. Na nthoni ya Wakamba haichezewi: mwanamume hamtazami mama mkwe wake, sembuse kumsimamisha njiani. Ndolo aligeuka akatazama miti mpaka vumbi likatulia.

"Nampeleka mama hospitali, miguu inamsumbua!" Kiilu alipiga kelele akipita. "Tusimamishe basi, bwana askari! Si ni mamako?"

Kicheko chake kilisikika mpaka bondeni.

Nyumbani Ndolo alimuuliza mkewe, "Nthenya, mama anaumwa miguu?"

"Mama? Jumapili amecheza kanisani mpaka pasta akamwomba akae."

"Sasa anaenda wapi na Kiilu?"

Nthenya aliacha kupepeta pojo. "Baba Mutindi, unamshuku mama yangu?"

Ndolo akatoka nje, lakini shaka ikamfuata. Nthoni hushika pande zote mbili. Sokoni, Syokau akiiona tu kofia yake kwa mbali, hutupa kikapu na kuzama kichakani. Mbona juu ya pikipiki anakaa wima kama nguzo?

Safari iliyofuata alisimama katikati ya njia, mahali pembamba kati ya mawe. Akikosea, atalipa mbuzi mbele ya wazee, na Nthenya atarudi kwao. Asipothubutu, kofia imekwenda.

Kiilu alifunga breki. "Toka njiani! Huna nthoni wewe?"

"Mwambie mama ashuke ajifiche."

"Mgonjwa hashuki."

"Basi ageuke."

Leso haikugeuka. Kiilu hakucheka tena.

Ndolo alifumba macho, akanyoosha mkono, akaivuta leso. Vumbi jeusi likamjaa puani. Alipofumbua aliona magunia mawili ya mkaa yamefungwa wima, na juu yake kibuyu mahali pa kichwa. Akachomoa ufunguo wa pikipiki.

Leso aliirudisha kwa mkono wa Nthenya.

"Mama anasema asante," Nthenya alimwambia aliporudi. "Iliibwa kwenye kamba ya kuanikia."

"Iliibwa lini?"

"Hakusema."

Ndolo alitamani kumuuliza mwenyewe, macho kwa macho, kama kweli iliibwa au alimwazima Kiilu. Siku ya soko walikutana ghafla kwenye kona. Syokau akazama kichakani, Ndolo akageukia miti, wakasimama hivyo, mgongo kwa mgongo. Nyuma yake akasikia kikohozi, au labda kicheko.

Hakugeuka.