Usimpoze

Baba mkwe wangu alitengeneza majokofu maisha yake yote, na kwake hakuna tatizo lisilotibika kwa ubaridi. Nilimjua. Ndiyo maana asubuhi, nilipomrudishia kutoka kliniki yangu mbwa wake Bwana Mkubwa, mguu uliovunjika ukiwa umeungwa kwa chuma, nilimkazia macho.

"Baba, atahema sana. Ni dawa ya maumivu, jamii ya mofini. Inaudanganya ubongo uone mwili una joto. Usimpoze."

"Nimekusikia, mwanangu."

Alinisikia, ila macho yalimshinda. Tangu mama mkwe afariki, mbwa yule ndiye anayekula naye, ndiye anayebishana naye habari za redioni. Akamwona anahema, ulimi nje, akafanya anachokijua: feni mbili, taulo mbichi, barafu kwapani. Alasiri akanipigia simu.

"Amepoa vizuri," alisema. "Ila haamki."

Nilifika mbio. Kipimajoto kilisoma thelathini na tatu, na mbwa mzima huzidi thelathini na nane. Nilitaka kufoka, lakini mzee alikuwa amesimama na taulo mkononi. Nikaleta mablanketi, chupa za maji ya moto, wapi! Joto likazidi kushuka.

Ikabaki sindano ya kuiondoa ile dawa, ili ubongo uache kudanganyika na mwili ujipashe joto wenyewe.

"Haichagui, Baba. Mwili nao hujitengenezea vituliza maumivu vyake, peptidi zinazofanana na dawa hii. Nazo zitazuiwa. Atausikia mguu wote."

"Lakini ataishi?"

"Nadhani."

"Mchome."

Nikamchoma. Joto likaanza kupanda, Bwana Mkubwa akafumbua macho, na mzee akacheka kwa furaha. Kisha mbwa akalia. Nimetibu wanyama miaka mingi, na kilio kile kilinitoa jasho.

"Mrudishie ile ya kwanza," mzee akaniomba. "Kidogo tu."

"Haitamshika, Baba, mpaka hii iishe nguvu."

"Basi mpe nyingine! Wewe si daktari?"

Nilimdunga ganzi mguuni. Haikufika kwenye mfupa. Sikuwa na kingine. Nilijiona bure kabisa, na koti langu jeupe.

Mzee akaketi sakafuni, akakipakata kichwa cha mbwa wake, akaniuliza kama joto bado linapanda. Nikamwambia linapanda. Bwana Mkubwa, kwa uchungu, akamng'ata mkono. Mzee hakuutoa.