Mlango wa Stoo ya Maskati

Maimuna alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, jikoni kwake Msambweni, Ijumaa baada ya swala ya alasiri, binti yake Biasha alipotokea kwenye mlango wa chumba cha kuni. Alikuwa amevaa aproni, bakuli tupu mkononi. Alimwamkia mamake shikamoo. Maimuna aliitikia marahaba, akamwuliza kama amekula.

Biasha alikuwa mtumishi wa nyumbani Maskati. Siku aliyoondoka, mamake alimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Mombasa. Biasha alipanda ndege moja, akashuka kungojea nyingine, na kutwa nzima ikaisha kabla hajafika. Sasa alieleza kwamba tajiri wake alimtuma mchele stoo kisha akaenda kujilaza, naye Biasha alipofungua mlango akaona kuni, na ng'ambo ya kuni mgongo wa mamake. Alichuja tui, wakala wali na samaki, akarudi Maskati kwa mlango ule ule kabla tajiri hajaamka.

Tangu hapo alikuja kila Ijumaa. Jirani alimwagiza udi, akamletea.

Mkataba wa Biasha ulikuwa umekwisha kabla ya Ramadhani, lakini tajiri aliifungia pasi yake ya kusafiria kabatini na hakutaka kuitoa. Ijumaa moja tajiri alitoka tangu asubuhi kwenda kwa jamaa zake, basi mama na binti wakapitia Kombani hadi Kwale kumwona afisa mmoja wa uhamiaji aitwaye Tsuma. Tsuma aliwapa viti, akawasikiliza. Aliuliza safari huchukua muda gani. Biasha alijibu kwamba ni kufungua mlango tu. Tsuma alisema dada yake huenda huko na usiku mzima humwishia angani.

"Binti, mimi nakuona," alisema. "Lakini kwenye kompyuta hujarudi. Bado uko Maskati. Niletee pasi, nitakusaidia."

Biasha alisema pasi iko Maskati. Tsuma akamshauri, bila ubaya wowote, aifuate huko huko.

Waliporudi nyumbani Maimuna alisema, "Umeshafika kwenu. Pasi na wakae nayo."

 Biasha alimweleza habari za Mercy, msichana wa Kinango anayelala naye chumba kimoja huko Maskati. Pasi yake nayo ilikuwa kabatini. Mercy aliujaribu mlango wa stoo mara nyingi na hakuona ila magunia ya mchele.

"Nikibaki huku, yeye ndiye atakayeulizwa niko wapi," alisema.

Maimuna hakumshika mkono. Alimfungia chapati na kumwacha aende, na jioni ile alituma salamu Kinango.

Ijumaa iliyofuata alikuja Kadzo, mamake Mercy, na sufuria ya mbaazi za nazi. Aliufungua mlango wa chumba cha kuni mwenyewe, akaona kuni, akaufunga. Biasha alipoingia, Kadzo alimshika uso kwa mikono miwili, akamwuliza Mercy amekonda au amenenepa. Biasha alisema amenenepa kidogo. Wote watatu walicheka, wakala, wakasengenya watu wa Msambweni na wa Kinango hadi Biasha akasimama kufunga aproni.

Kadzo alijaza bakuli mbaazi, akafunika kwa sahani.

"Mwambie apulize kwanza," alisema. "Zitamfikia zingali za moto."