Jumamosi Zilizotolewa kwa Taifa

Jumatano asubuhi Kandida alimkatia ng'ombe majani, akasugua sufuria iliyolala na ukoko, kisha akamlisha mume wake uji wa ulezi. Alimpa vijiko vinne, akameza viwili. Baada ya hapo alivaa viatu vya kanisani, akajitanda kanga ambayo haijapauka sana, akakata chana moja ya ndizi mshare ya kuwapelekea watu wa ofisi, maana mtu haendi kuomba mikono mitupu.

Philemoni, mume wake, alikuwa kitandani tangu mvua za vuli. Daktari alisema wazi, wala si kwa ukali, kwamba mzee hataivuka Ijumaa. Na Evaresta, binti yao wa pekee, anayefundisha shule huko Kigoma, ruhusa yake ilikuwa imetoka jana yake tu. Basi lake lingefika Arusha Jumamosi saa sita mchana.

"Kaombe moja tu," Philemoni alisema. "Wakikupa ya mvua, pokea. Mimi niko ndani, sitalowa."

Kandida akacheka kidogo, akafunga zizi, akashuka na njia ya miguu kutoka Nkoaranga mpaka barabarani. Alikuwa anakwenda kuomba Jumamosi moja, katika zile walizozitoa wenyewe, aongezewe Philemoni mpaka binti yake afike.

Chama cha Hiari cha Kuinua Taifa kilianzishwa mwaka sitini na tatu na vijana wa mlimani waliotaka nchi isimame upesi. Hakuna aliyelazimishwa. Ijumaa jioni pembe ilipigwa, na kulipokucha kila nyumba ilitoa watu kwenye msaragambo, kazi ya wote isiyo na ujira. Walichimba mfereji, wakachonga barabara, wakajenga madarasa manne na zahanati moja. Mawe ya msingi wa zahanati, Kandida aliyabeba kichwani, na Evaresta tumboni.

Kisha saruji ikaacha kuja, na fundi naye akaenda zake. Lakini watu walikwisha kuzoea kujitolea, na Jumamosi ziliendelea kuletwa ofisini. Viongozi wakasema zisitupwe, taifa litakuja kuzihitaji. Basi zikaanikwa kwenye vichanja vya kahawa, zikawa zinageuzwa kwa mkono asubuhi na jioni mpaka zikauke, zikatiwa kwenye magunia. Jumamosi iliyokauka vizuri inaenea kwenye ngumi, na rangi yake ni ile ya kahawa iliyomenywa. Waliozitoa walilala Ijumaa, wakaamka Jumapili, wakaenda kanisani. Kandida na Philemoni waliishi hivyo miaka kumi na tisa. Taabu ilikuwa kufua, maana siku ya kufua haikuwepo tena, ikabidi afulie Alhamisi. Evaresta alianza kutembea siku ya Jumamosi, na aliyemwona ni bibi yake.

Ofisi ya chama siku hizi iko Engutoto, ina geti la umeme na vigae vyeupe. Katibu alikuwa binti mmoja anaitwa Lucky.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaletea mshare."

"Jamani bibi, na mlima wote ule! Asante."

Kandida akaeleza haja yake. Lucky akamsikiliza mpaka mwisho, akazisogeza ndizi pembeni kidogo.

"Bibi, zile ulizitoa kwa hiari. Sasa ni za taifa."

"Na Philemoni si wa taifa?"

Lucky alitazama dirishani. "Ni wa taifa, bibi. Lakini yeye ni mmoja."

Nyuma yake mlango wa ghala ulikuwa wazi, na magunia yalionekana yamepangwa mpaka darini. Mwenyekiti Richard alitoka humo akikung'uta viganja. Alikuwa na miaka hamsini na miwili tangu mwaka wa themanini na nane, kwa kuwa kila juma alitumia Jumamosi mbili tatu za ghalani kwa shughuli za uongozi, siku zake mwenyewe zikabaki. Mwanawe mkubwa, mwenye mvi na mkongojo, ndiye aliyembebea mkoba. Wageni waliwaamkia wote wawili, wakianza na yule aliyeonekana kijana.

"Mama Evaresta!" Richard alimshika mikono yote miwili. "Nyinyi ndio nguzo zetu. Lakini nikikupa wewe moja, kesho mlima mzima uko getini. Tutafanyaje?"

"Mtawapa," Kandida alisema.

Mwenyekiti akacheka kwa upole. "Kamati inakaa Jumatatu. Andika barua."

Kandida akaandika barua hapo hapo, kwa herufi kubwa za darasa la nne, akaomba radhi kwa usumbufu.

Ijumaa saa kumi na moja jioni Philemoni aliuliza basi limefika wapi.

"Linalala Singida," Kandida alisema.

"Bado mbali," akasema Philemoni, akafa.

Evaresta alifika kesho yake saa sita na robo, ameshika migebuka mikavu aliyomnunulia baba yake kituo cha mabasi Kigoma. Kandida aliwapokea hao samaki, akawatundika juu ya meko.

Mazishi yalikuwa Jumanne. Kamati ilikwisha kukaa, ikaona haiwezi kutoa Jumamosi nzima, ila ikapitisha saa moja, iwe rambirambi. Mwenyekiti mwenyewe aliileta katika bahasha ya kaki. Jeneza lilikuwa uani chini ya turubai, limefunguliwa ili watu wapite kuaga. Richard aliimimina ile saa kiganjani, akaifikicha, akaipuliza.

Jumanne ikapisha. Jua la Jumamosi asubuhi likakaa juu ya migomba. Watoto waliokuja na sare za shule wakavua sweta, wakaanza kukimbizana. Jirani Msabato, aliyekuwa akipasua kuni za kupikia wageni, akaliweka shoka chini akanawa mikono. Kandida alisikia harufu ya udongo wa mfereji uliochimbwa sasa hivi, na ndani ya jeneza Philemoni akafumbua macho.

Watu waliokuwa karibu walisogea kando kumpa hewa. Philemoni alitazama turubai, akatazama viti, akitafuta.

"Eva," alisema.

Evaresta akasimama.

"Dada, kaa kidogo," akanong'ona Arnold, jirani aliyekuwa mwongoza ratiba. "Mgeni rasmi ana neno."

Mlimani mgeni rasmi hakatizwi. Mvua ikinyesha, watu wanalowa wamekaa. Richard akashika kipaza sauti, akakunjua karatasi yenye kichwa kisemacho Historia Fupi ya Chama. Alianzia mwaka sitini na tatu. Akaeleza mfereji, akaeleza madarasa manne, akawataja wenyeviti wote kwa majina, na kuanzia wa tatu ilikuwa ni yeye. Alisema taifa limeinuka. Alisema marehemu alikuwa mfano wa kujitolea, na marehemu akageuza shingo taratibu, akamtazama. Midomo ya Philemoni ilikuwa inakwenda, lakini spika zilikuwa mbili, tena kubwa.

"Kwa kumalizia," Richard alisema, akafunua ukurasa wa pili.

Evaresta akasimama tena. Aliyemvuta gauni akamkalisha ni Kandida.

"Kaa, mwanangu. Anamalizia."

"Mama, baba ananiita."

"Namsikia. Kaa. Usimwaibishe mbele ya wageni."

Richard alimalizia mara tatu. Aliposema asanteni kwa kunisikiliza, jua lilirudi mahali pake pa Jumanne, watoto wakavaa sweta, Msabato akaokota shoka. Philemoni alikuwa amekwisha kufumba macho. Watu wakapiga makofi, na Kandida naye akapiga, mara mbili, kisha akaitazama mikono yake.

"Tunamshukuru sana mwenyekiti wetu," Arnold alisema. "Sasa familia, karibuni mseme neno la kumuaga mpendwa wetu. Ni dakika mbili tu, wapendwa, muda umetutupa mkono."

Evaresta alikwenda akainama juu ya jeneza, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, alimaliza ndani ya muda.